Trikoderma Iwekwe Kitaluni, Isimwagwe Chini ya Miti Inayokufa



Tangu kumalizika mkutano wetu wa mwisho, mazungumzo ya barazani na ya chini ya mikarafuu yamekuwa ni ya jambo moja tu, nalo ni ule unga wa kuvu uitwao trikoderma. Wako waliousikia redioni, wako walioambiwa na jamaa zao wa Mombasa, na wako waliokwisha kuletewa pakiti mpaka mlangoni na wachuuzi, wakaambiwa kwamba unga huu ukimwagwa chini ya mkarafuu unaokauka, mkarafuu huo hurudi ukavaa majani mapya. Mkutanoni lilitolewa pendekezo kuwa fedha za mfuko wa Chama zilizowekwa kwa upandaji wa mwaka huu zitumiwe kununua unga huo, kisha ugawiwe kwa kila mwanachama kwa hesabu ya miti yake mikongwe. Pendekezo hilo litapigiwa kura mkutano ujao. Mimi katibu sina kura zaidi ya moja, kama alivyo mwanachama yeyote, lakini kalamu ninayo, na kabla ya siku hiyo kufika nataka kusema wazi kwamba pendekezo lilivyo nalipinga. Trikoderma yenyewe siipingi. Napenda itumiwe, ila itumiwe mahali pake, na mahali pake ni kitaluni na katika shimo la kupandia mche.

Yafaa kwanza tujue ni kitu gani tunachotaka kukinunua, maana fedha za watu wote hazitolewi kwa kitu kisichojulikana.

Jina la kuvu kwetu sisi ni jina baya. Mkate uliolala ukaota manyoya, kanzu iliyofungiwa sandukuni ikatoka madoa, karafuu iliyokusanywa kabla ya kukauka sawasawa ikapoteza rangi na bei: yote hayo ni kazi ya kuvu. Lakini kuvu ni umma mkubwa, na ndani ya umma wowote wamo wema na waovu. Uyoga tunaouokota baada ya mvua ni tunda la kuvu. Majani yanayoanguka chini ya mkarafuu yasingeoza kamwe yakawa mbolea kama si kuvu. Ziko kuvu nyingine zinazoingia katika mizizi ya mimea pasipo kuidhuru, zikaisaidia kunyonya chakula ardhini, na mkarafuu ni mmoja wa miti yenye wageni hao wema. Tena ziko kuvu ambazo chakula chao ni kuvu wenzao. Trikoderma ni katika hizo. Imo tayari katika udongo wa karibu kila nchi, na huu wetu pia. Mwenye kufukua majani yaliyooza penye kivuli akaona ukoga wa kijani kibichi, huenda ameiona pasipo kujua jina lake.

Jina hilo ilipewa mwaka 1794, na kwa muda mrefu baadaye ikawa ni kitu cha kuwekwa vitabuni tu. Aliyeitoa vitabuni ni Richard Weindling, mtaalamu aliyekuwa akichungua miche ya michungwa na jamaa zake huko California, Marekani. Miche ile ilikuwa ikianguka na kufa kitaluni kwa sababu ya kuvu mbaya ya ardhini inayokata shina mahali linapokutana na udongo. Mwaka 1932 Weindling alitoa khabari kwamba ameiona trikoderma, kwa darubini, ikijizungusha juu ya nyuzi za ile kuvu mbaya mfano wa mtambaazi unavyouzunguka mti, mpaka zile nyuzi zikafa. Aliona pia kuwa kazi hiyo inakwenda vizuri zaidi katika udongo wenye uchachu kidogo. Tukumbuke hilo, kwa sababu wengi wetu tuna desturi ya kumwaga jivu jingi vitaluni, na jivu huondoa uchachu.

Watu wa karafuu tuna sababu nyingine ya kuijua kuvu hii. Aliyeipanga upya jamii nzima ya trikoderma, akaipa jina aina ile inayotumika sana mashambani hivi leo, iitwayo hazianamu, ni mwana wa Indonesia, Mien Rifai, katika kitabu chake cha mwaka 1969. Indonesia ndiko unakotoka mkarafuu wetu, visiwa vya Maluku, na ndiyo nchi inayotoa karafuu nyingi kuliko zote duniani, ingawa nyingi huishia katika sigara zao wenyewe. Basi elimu hii si ya Wazungu peke yao kama alivyosema mwenzetu mmoja mkutanoni.

Ama kazi yake, trikoderma huifanya kwa njia nne. Ya kwanza ni hiyo ya kuishambulia kuvu mbaya, kuizunguka, na kuitolea ute wenye vimeng'enya vinavyoyeyusha ngozi yake, kisha kunyonya kilichomo. Ya pili ni kutoa sumu ndogo ndogo ambazo kuvu nyingine haziziwezi. Ya tatu, nayo kwa maoni yangu ndiyo kubwa kwetu, ni kuwahi mahali. Trikoderma hukua upesi sana. Ikipata samadi na unyevu huenea kila upande, ikakaa pembeni mwa mizizi michanga, ikala kila kilichopo, na adui akija hukuta nyumba ina mwenyewe na chungu hakina kitu. Ya nne ni kwamba mmea unapoguswa na trikoderma mizizini huamka, ukaanza kujitengenezea ulinzi wake wenyewe kabla hata adui hajafika.

Zitazameni njia hizo nne. Zote ni za mlinzi anayewekwa mlangoni kabla ya mwizi kuingia. Hakuna hata moja iliyo ya tabibu wa kumfufua aliyekwisha kufa.

Hapo ndipo ninapogombana na pendekezo. Ugonjwa tunaouogopa kuliko yote, ule wa kufa ghafla, ambao mti mzima uliostawi hubadilika majani na kukauka kabisa kwa siku chache tu, ulichunguzwa sana katika visiwa vyetu miaka ya 1940 na 1950. Wataalamu Nutman na Sheffield waliandika juu yake mwaka 1949, na baadaye Nutman na Roberts wakaitaja kuvu waliyoona ndiyo msababishi wake, wakaiita valsa ya mkarafuu. Jambo kubwa walilolifundisha ni kwamba ile mizizi myembamba inayonyonya maji huwa imekwisha kufa kabla ya jani la kwanza kugeuka rangi. Mti unakufa kwa kiu huku umesimama katika udongo wenye maji. Sisi huanza kuona ugonjwa siku ile unapomalizika. Sasa mtu akija na pakiti ya unga siku hiyo, atamlinda nani? Mizizi iliyokuwa ilindwe haipo. Atakachokifanya ni kuilisha trikoderma mizizi iliyooza, nayo itaila na kushukuru, na mti utakuwa kuni vile vile.

Tena si kila mkarafuu unaokufa unauawa na kuvu ya ardhini. Uko ugonjwa wa kukauka matawi, ambao kuvu yake haipandi kutoka chini, bali huingilia kwenye vidonda: tawi lililovunjwa wakati wa kuchuma, au lililochanika kwa upepo. Dawa yake ni kukata tawi mpaka penye mti mzima, kuchoma kilichokatwa, na khasa kuwafunza wachumaji wasivunje matawi ovyo. Ukimwaga magunia kumi ya trikoderma shinani, kidonda kilicho juu hakina khabari. Mchwa nao wamekula mikarafuu mingi, na kuvu hii haili mchwa. Huko Indonesia kuna maradhi mengine yaitwayo ya Sumatra, ambayo msababishi wake ni bakteria wanaokaa katika mishipa ya maji ya mti na kuchukuliwa na wadudu kutoka mti huu hadi ule. Hayo nayo trikoderma haiyawezi, na kinga yake ni kutoleta miche ya mikarafuu kutoka ng'ambo, hata ukipewa bure. Na juu ya yote uko uzee. Mingi ya mikarafuu yetu walipanda babu zetu, na baba wa babu zetu. Mti wa umri huo kupungua nguvu si ajabu, wala hautaki dawa. Unataka mche wa kurithi mahali pake.

Naam, mche. Huko ndiko tunakopata khasara isiyosemwa. Mkarafuu mkubwa ukianguka kila mpita njia huuona na kumpa pole mwenyewe, lakini miche inayokufa kitaluni au mwaka wake wa kwanza shambani hakuna anayeililia, kwa kuwa ilitolewa bure au kwa bei ndogo. Mwanachama huchukua miche masika, akapanda, na masika ya pili akaja tena kuchukua mingine ya kuzibia mapengo, na ya tatu vivyo hivyo. Anaona hakupoteza kitu. Amepoteza miaka 3, na mkarafuu hautoi karafuu ya maana mpaka umefika miaka 6 au 7 au zaidi. Kwa mtu mwenye umri wa makamo hiyo si hesabu ndogo.

Mche unakufa kwa mambo mengi, na jua la kaskazi ni mojawapo, lakini kuoza shina na mizizi kitaluni ni jambo la kuvu za ardhini, na hapo ndipo trikoderma ilipopata sifa yake tangu siku za Weindling. Mzizi mchanga ni mlaini, udongo wa kiriba ni mchache na unaweza kutengenezwa, kivuli kipo, maji yapo. Kila anachokihitaji yule mlinzi kiko karibu. Mti mkubwa wenye mizizi iliyotapakaa chini ya shamba zima utaulinda kwa unga wa kiasi gani? Afadhali mtoto, ambaye unaweza kumkinga mwili mzima, kisha akakua na mlinzi wake pamoja.

Nawapa mifano miwili ya mahali watu walipofanya jambo hili kwa akili.

Wa kwanza ni wa Kerala, Bara Hindi, ambako wenzetu wa viungo wanalima pilipili manga. Adui yao mkubwa ni maradhi ya kuoza shina karibu na ardhi, yanayoletwa na kiumbe kinachofanana na kuvu kiitwacho fitoftora, ambaye huweza kuumaliza mpilipili katika wiki chache za masika yao. Taasisi ya Utafiti wa Viungo iliyoko Calicut imewafundisha kuchanganya trikoderma katika udongo wa kitalu, na kuitia shambani pamoja na samadi mvua zinapoanza. Kwa tangawizi pia wanaitumia, kwa ajili ya kuoza kwa vitunguu vyake. Lakini hawakuambiwa kuwa unga peke yake unatosha. Wameambiwa wachimbe njia za maji yasituame, wapunguze kivuli kilichozidi, wang'oe na kuchoma mipilipili iliyokufa, na trikoderma iwe ni kitu kimoja kati ya hivyo. Wale miongoni mwetu wenye mipilipili manga na tangawizi kati ya mikarafuu, na tuko wengi, wangeweza kuufuata mfano huo hivi sasa pasipo kungoja mtu.

Mfano wa pili si wa trikoderma, lakini fikra yake ni ile ile, na ni wa miti mikubwa. Uingereza walikuwa na maradhi ya mizizi ya misonobari. Kuvu mbaya ilikuwa ikitua juu ya kisiki kibichi siku mti unapokatwa, ikashuka mizizini, na kwa mizizi hiyo ikavuka kuingia katika miti hai iliyo jirani. Mtaalamu mmoja wa Cambridge, John Rishbeth, alieleza mwaka 1963 namna ya kuizuia: kupaka juu ya kisiki, mara tu baada ya kukata, mbegu za kuvu nyingine isiyoua miti hai. Hiyo huwahi kukimiliki kisiki, na ile mbaya ikifika hukuta pamejaa. Njia hiyo inatumika Ulaya mpaka leo. Nimeutaja mfano huu kwa sababu hawakuipaka ile kuvu juu ya misonobari iliyokuwa ikifa. Waliiweka pale ambapo adui alikuwa bado hajaingia.

Kwetu sisi, pale ambapo adui hajaingia ni kiriba na shimo jipya. Kwa shimo lazima niseme neno, kwa kuwa tunapenda mno kupanda mche pale pale ulipokufa mkarafuu, kwa sababu nafasi ipo na mstari wa baba hautaki kuharibiwa. Mizizi iliyokufa ni ghala la kuvu. Mwenye nafasi na asogee hatua chache. Asiyeweza, basi aling'oe gogo na mizizi kwa kadiri ya nguvu zake, achome, aliache shimo wazi lipigwe na jua msimu mmoja, ndipo alijaze udongo mwema uliochanganywa na samadi yenye trikoderma. Kutupa kijiko cha unga katika shimo lililojaa mizizi mibovu ni kumtuma askari mmoja vitani.

Sasa khabari ya mrututu. Wazee wengi wanao uzoefu na mrututu uliochanganywa na chokaa, nao ni dawa ya kweli ya kuvu za majani. Imetumika duniani tangu karne ya 19. Lakini mrututu ukimwagwa ardhini haubagui. Huwezi asubuhi kumweka mlinzi na jioni kummwagia sumu. Mwenye kutumia trikoderma kitaluni asiukaribishe mrututu wala dawa nyingine ya kuua kuvu katika udongo ule ule.

Utengenezaji wake hauna uchawi. Kipimo wanachokitumia Kerala ni kilo 1 ya unga wa trikoderma kwa kilo 90 za samadi iliyokwisha kuoza na kilo 10 za mashudu ya mwarobaini. Vitu hivyo huchanganywa penye kivuli, vikanyunyizwa maji mpaka ukifinya konzi moja ishikamane bila kuchuruzika, kisha lundo hufunikwa kwa magunia machafu au majani ya mgomba. Kila siku 3 au 4 hugeuzwa na kunyunyizwa tena. Baada ya wiki mbili hivi kuvu imeenea lundo zima, na lundo ndilo linalopelekwa kitaluni au shimoni. Faida yake mnaiona: pakiti moja ndogo huzaa mzigo wa watu wengi. Mchuuzi anayewaambia mwage unga mkavu juu ya ardhi kavu wakati wa kaskazi anataka mrudi kununua tena, kwa kuwa jua litaumaliza kabla ya alasiri. Anayegeuza lundo ajifunge kitambaa puani na mdomoni, maana vumbi la kuvu yoyote si zuri kifuani.

Udongo wa viriba nao utengenezwe kabla. Usichukuliwe chini ya mkarafuu uliokufa. Utandazwe, uloweshwe, ufunikwe kwa nailoni nyeupe inayopitisha mwanga, na kuachwa juani wiki 4 mpaka 6 wakati wa joto. Joto hilo huua mbegu nyingi za kuvu mbaya. Hapo udongo unakuwa kama nyumba tupu, na nyumba tupu haikosi mpangaji. Tukiiacha hivyo hivyo atahamia yeyote. Ndiyo saa ya kumtia trikoderma.

Kuna watu wawili wa kuonywa. Wa kwanza ni mnunuzi. Trikoderma ni kitu chenye uhai, na kilicho hai hufa. Pakiti iliyokaa miezi mingi katika duka lenye bati linalowaka, au isiyo na tarehe, au isiyotaja aina ya kuvu iliyomo, ni vumbi tu. Kenya viko viwanda vinavyoitengeneza, lakini kuingiza kisiwani kuvu, miche au udongo kutoka nje ni jambo la ruhusa ya wakaguzi wa mimea, nasi Chama hatutanunua chochote kilichopitishwa kwa mlango wa nyuma. Pia tusidanganyike kuwa inaweza kila kuvu. Yale maradhi mapya ya migomba yanayokaa ardhini, ambayo mwaka 2013 yalionekana kaskazini ya Msumbiji, hayajapata dawa ya kutegemewa, si trikoderma wala nyingine. Kinga ni kuacha kuleta machipukizi ya migomba kutoka bara.

Wa pili ni akina mama wetu wenye vikundi vya kulima uyoga. Uyoga ni kuvu, na trikoderma hula kuvu. Wakulima wa uyoga duniani kote wanaijua kwa jina la ukoga wa kijani, na kwao ni balaa inayoangamiza banda zima. Basi lundo la trikoderma lisitengenezwe karibu na banda la uyoga hata kidogo, wala aliyegeuza lundo asiingie huko na nguo zile zile. Sipendi nyumba moja igombane, mume na karafuu zake na mke na uyoga wake, kwa ajili ya mambo ya Chama.

Kwa hiyo nami natoa pendekezo langu mbele ya lile la kwanza. Fedha za upandaji zibaki kuwa za upandaji. Sehemu ndogo yake inunue trikoderma ya kilo chache tu, kwa ushauri wa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo iliyopo Kizimbani, pale pale ambapo karafuu za kwanza za Unguja zilipandwa. Katika kitalu cha Chama tufanye matuta mawili: viriba 200 vyenye lundo la trikoderma, na viriba 200 vyenye samadi kama ile ile bila trikoderma. Mbegu ziwe za miti mamoja, zipandwe siku moja, kivuli kimoja, maji ya ndoo moja. Kila Jumamosi katibu na mwanachama mmoja kwa zamu wahesabu iliyokufa, na hesabu ibandikwe mlangoni mwa ofisi kila mtu aione. Vipimo vya mpilipili wa Kerala si lazima viwe vya mkarafuu wa Pemba. Kama mwisho wa mwaka hakuna tofauti kati ya matuta mawili, tutakuwa tumepoteza fedha kidogo na tutajua. Kama tofauti ipo, tutaingia msimu wa pili tukiwa na lundo letu wenyewe na kipimo chetu wenyewe, bila kumtegemea mchuuzi.

Najua litakalosemwa. Litasemwa kwamba katibu ni kijana, anawapa miche miti haina, na wazee wana miti inayokufa leo. Hoja hiyo ina uzito na sitaki kuipita kama sikuiona. Mzee mwenye mikarafuu 40 iliyobaki 25 haoni raha kuambiwa mambo ya viriba. Lakini nikimuunga mkono anunuliwe unga wa kumwaga chini ya ule wa 26, nitakuwa nimemfariji kwa fedha yake mwenyewe. Linaloweza kufanywa kwa miti yake iliyo hai ni haya: asilime kwa jembe karibu na shina akakata mizizi, aache majani yaliyoanguka yaoze pale pale, afungue njia ya maji, auondoe upesi mti uliokufa pamoja na mizizi yake. Trikoderma iliyomo tayari katika ardhi yake hustawi katika majani yanayooza. Mwenye kufagia shamba likawa jeupe kama uwanja wa ngoma anaifukuza kwa mikono yake. Kazi hizo hazitaki mfuko wa Chama. Wanachama vijana wanaweza kuwasaidia wazee wasiojiweza, na mimi nitajiandikisha wa kwanza.

Kura itapigwa mkutano ujao baada ya sala ya alasiri, na mapendekezo yote mawili yatasomwa kabla ya kura. Mbegu za mkarafuu hazingoji, hupoteza uhai kwa siku chache zikiachwa zikauke, kwa hiyo mwenye miti iliyoachiwa karafuu zikaiva atupe khabari sasa, ili siku ya kuokota tupande. Anayependa kutoa samadi kwa ajili ya lundo la majaribio alete jina lake ofisini kabla ya mkutano. Inatakiwa samadi iliyooza kabisa, isiyo na taka za plastiki ndani yake. Mbichi haitapokewa.

Katibu